Msituuzie tena mitutu ya 1:14

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anaishi Wyoming, Marekani. Juzi usiku alinipigia. "Shikamoo kaka." Marahaba. Akaniambia amepata bunduki ya .22-250 (hilo ni jina la saizi ya risasi yake) iliyokwisha kutumika, bei ya kueleweka, kitako cha mbao kisicho na mkwaruzo hata mmoja. Muuzaji amemwambia mtutu wake una msokoto wa 1:14, na kwamba kwa kulenga prairie dog huo ndio wenyewe. Je, alipe?

Nikamwambia asilipe, na sababu zangu nimeona niziandike, maana swali hili naulizwa kila mwaka majira ya kuchipua yanapofika.

Prairie dog ni jamii ya kindi, ana kilo moja hivi, anaishi ardhini kwa makundi makubwa kwenye nyika za magharibi mwa Marekani. Anatoboa malisho mashimo kila upande, na wafugaji wengi humkaribisha mtu mwenye bunduki na adabu. Unamlenga kutoka mbali, yadi 200, 300, wakati mwingine zaidi. Ndiyo maana watu hutumia risasi nyepesi zenye kasi kubwa sana.

Ndani ya mtutu mna mifereji iliyojisokota. Hiyo ndiyo inayokizungusha kichwa cha risasi kiruke kikiwa kimenyooka, kama pia ya watoto inavyosimama kwa sababu tu inazunguka. 1:14 maana yake kichwa kinamaliza mzunguko mmoja katika inchi 14 za mtutu. 1:8 kinaumaliza katika inchi 8, yaani kinazunguka kwa kasi zaidi. Kadiri kichwa kilivyo kirefu, ndivyo kinavyohitaji mzunguko mwingi. Nimesema kirefu, sikusema kizito. Hapo wengi hupotea, kwa sababu boksi dukani limeandikwa uzito kwa greni, kipimo kidogo cha uzito wa risasi, na urefu hauandikwi. Greenhill, mwanahisabati wa Uingereza aliyefundisha maofisa wa mizinga kule Woolwich, alitoa kanuni yake ya kukadiria msokoto mwaka 1879, na kinachotawala ndani yake ni unene na urefu wa kichwa, si greni zake.

Mimi jambo hili nililijua kwa hasara. Nilikuwa na .22-250 ya 1:14 kama hiyo anayoitaka mdogo wangu. Kwa vichwa vya greni 50 vyenye kiini cha madini ya risasi (lead) ilipiga vizuri, sina la kuilaumu. Kisha mfugaji aliyekuwa akinipa ruhusa akaniomba nisitumie tena madini hayo kwenye ardhi yake, kwa kuwa tai na vipanga hula mizoga na sumu inawaingia. Ombi la haki kabisa. Nikanunua vichwa vya shaba tupu, greni 55, nikaenda kwanza kwenye uwanja wa shabaha. Karatasi niliiweka yadi 100.

Nilipiga tano. Mbili hazikugusa karatasi kabisa. Tatu zilizogusa ziliacha matundu marefu, yamechanika pembeni, kama kitundu cha ufunguo. Nilichukua kichwa kimoja kwenye boksi nikakilaza juu ya tundu moja. Kikakaa ubavu kwa ubavu, kitako mpaka ncha. Kichwa kilikuwa kimefika pale kikiwa kinabingirika hewani. Fikiria hicho kingempata mnyama: angejeruhiwa, akaingia shimoni, akafia huko polepole. Siku ile sikwenda nyikani.

Sababu ni nyepesi kueleza. Madini ya risasi yana uzito wa gramu 11.3 kwa kila sentimita ya ujazo, shaba karibu 9. Ukitaka uzito uleule kwa shaba, lazima kichwa kirefuke, na mtutu wa 1:14 hauwezi kukishika.

Na hili si jipya. Mwaka 1955 kampuni ya bunduki ya Remington walitoa .244 yenye msokoto wa 1:12, wakidhani mnunuzi atataka vichwa vyepesi vya kupigia wanyama waharibifu. Mwaka huohuo washindani wao Winchester wakatoa .243 ya unene uleule, ila kwa 1:10, na hiyo ikabeba bila shida vichwa vya greni 100 vya kuwindia paa. Watu wakaenda na .243. Mwaka 1963 Remington wakaibadilisha jina ya kwao kuwa 6mm Remington, wakaipa 1:9, lakini soko lilikuwa limeshakwenda. Mwaka huohuo wa 1963 jeshi la Marekani liliuacha msokoto wa 1:14 kwenye bunduki yake ya M16 na kuchukua 1:12, kwa sababu kwenye baridi kali hewa inakuwa nzito na risasi ilikuwa inayumba. Tunaoishi nyanda za juu tunasaidiwa na hewa nyembamba, lakini asubuhi ya Januari itakudai.

Wanaotetea 1:14 wana hoja moja ya kweli. Vichwa vyepesi vyenye gamba jembamba sana vinaweza kupasuka hewani vikizungushwa kupita kiasi. Piga hesabu: kasi ya futi 3,700 kwa sekunde ndani ya 1:8 ni mizunguko 333,000 kwa dakika, ndani ya 1:14 ni kama 190,000. Nimewahi kuona kwa macho mstari wa moshi wa kijivu ukikatika katikati ya uwanja, na karatasi haina kitu.

Lakini pima madhara ya pande zote mbili. Mwenye 1:8 akikutana na tatizo hilo, anabadilisha boksi la risasi au anapunguza baruti kidogo, mambo yanaisha. Mwenye 1:14 akihitaji kichwa kirefu, anabadilisha mtutu mzima, na fundi analipwa mamia ya dola. California tangu tarehe 1 Julai 2019 huwezi kuwinda kwa bunduki kwa madini ya risasi popote katika jimbo. Sitaki kununua leo chombo kinachonifungia mlango huo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kila saizi ya risasi: .223, chukua 1:8. 1:9 nayo inafaa sana. .22-250, tafuta ya 1:8 au 1:9, zipo siku hizi. .204 Ruger ya 1:12 nitaivumilia kwa mtu aliyeamua kubaki na vichwa vya kawaida vya greni 32 hadi 40.

Na usimwamini muuzaji, wala maandishi ya mtandaoni, pima. Hakikisha bunduki haina risasi, toa komeo. Funga kitambaa kinachobana kwenye fimbo ya kusafishia yenye mpini unaozunguka, kiingize mtutuni, tia alama kwa kalamu juu ya fimbo. Sukuma taratibu mpaka alama izunguke irudi juu palepale. Umbali ambao fimbo imesogea ndio msokoto wako. Rudia mara tatu.

Mdogo wangu alifanya hivyo dukani, akapata inchi 14 kamili. Akairudisha kwenye rafu, akaagiza .223 ya 1:8. Jumapili iliyopita alinitumia picha ya karatasi yake, vichwa vya shaba tupu, yadi 100: matundu matano, yote ya duara.