Mlango wa futi nane juu ya meza

Siku hizi mwenye hoteli akitaka mlango wa nakshi, picha ya simu haimtoshi. Anataka mfano: kamlango kadogo akaweke mezani, akafungue na kukafunga, awaoneshe na washirika wake, ndipo mkono uingie mfukoni kutoa arubuni. Mimi naliona jambo jema. Mafundi wanaochonga mfenesi na msaji wanapata kazi ya ziada, na mteja anajua anachonunua. Kazi huharibikia pale mchoro wa kompyuta uliochorwa kwa kipimo kamili unapotakiwa uwe mdogo. Kijana anafungua faili, anachagua kila kitu, anaandika SCALE, ile amri ya programu ya kuchorea inayokuza au kupunguza umbo, anaweka 0.1, anabonyeza.

"Tayari, fundi."

Si tayari hata kidogo. Kilichopungua ni mistari tu. Ubao ulioko dukani uko palepale. Na ndiyo maana nashikilia kwamba skeli ya mfano ichaguliwe na unene wa ubao utakaokatwa. Ukubwa wa karatasi na nafasi ya meza ni mambo ya baadaye.

Tuufanye mlango wetu uwe wa futi nane kwenda juu na futi tano upana. Mbao zake zina unene wa inchi mbili, miimo inchi tatu, na mfaa wa katikati, ule wenye nakshi nyingi kuliko pahala pengine, inchi nne. Wengi watakimbilia moja kwa kumi, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi na mchoro unaenea kwenye karatasi ya A4. Lakini ule unene wa inchi mbili, yaani milimita 50.8, unakuwa milimita 5 na kidogo. Nenda kaulize plaiwudi ya milimita 5. Utapewa ya 3 au ya 6, na kama una bahati utapewa na somo la kutosumbua watu. Kijana anarudi na ya 6, anaikata kwa mchoro wa 5, na ndimi zote, zile ncha za ubao zinazochomekwa kuunga kazi, zinakataa kuingia kwenye matundu yake.

Sasa jaribu moja kwa nane. Inchi moja inakuwa milimita 3.175, yaani karibu sawa na plaiwudi ya 3. Inchi mbili inakaribia ya 6, inchi tatu ya 9, inchi nne ya 12. Vipimo vyote vinne unavipata dukani bila kubembeleza mtu, na mlango wenyewe unasimama futi moja kamili juu ya meza. Kuuchapa unahitaji A3, sawa, lakini karatasi ni rahisi kupata kuliko ubao wa unene usiokuwepo. Na fundi aliyezoea futi kamba ya inchi hahitaji kikokotoo: futi nane ni futi moja, inchi moja ni sehemu ya nane ya inchi.

Anayeona hii ni kuupa ubao cheo kisichokuwa chake, aingie nyumba yoyote ya zamani ya Mji Mkongwe atazame dari. Vyumba vile ni vyembamba, upana wake karibu mita tatu, kwa sababu boriti za mikoko hazikuweza kuvuka zaidi ya hapo. Urefu ulikuwa hiari ya mwenye nyumba, lakini upana uliamuliwa na boriti. Waashi wale waliiuliza boriti kwanza, nasi tukitengeneza mfano tuiulize plaiwudi.

Hata hivyo "karibu sawa" si sawa. Inchi mbili kwa skeli ya moja kwa nane ni milimita 6.35, na plaiwudi iliyoandikwa 6 mara nyingi ukiipima kwa vernia, kile kipimo cha kubana, inakuja chini ya hapo. Kwa hiyo baada ya kupunguza umbo, matundu yote yanayopokea ubao yachorwe upya kwa unene uliopimwa, wa kile kipande kilicho mkononi mwako. Kama unakatia leza, kumbuka mwale nao unakula mbao, kiasi cha milimita 0.1 hadi 0.3 kulingana na mashine, kwa hiyo tundu linatoka kubwa kidogo na ulimi unatoka mwembamba kidogo. Kata kipande cha kujaribia kwanza. Halafu kuna nafasi ya mlango kufunguka. Kwenye mlango wa kweli milimita 3 zinatosha, ila ukizigawa kwa nane unabaki na nafasi ambayo mkono mmoja wa vanishi utaiziba. Wacha milimita 1 na usijali skeli.

Nakshi ndiyo inayonitoa jasho kuliko yote. Mchoro wa mlango kamili una minyororo pembezoni, maua, mizabibu, pengine na samaki chini ya miimo, na kila jani lina mshipa wake. Mfereji wa milimita 4 ukiupunguza mara nane unakuwa nusu milimita. Patasi haiendi huko, na leza ikienda inaacha weusi mtupu. Ukimpelekea mchongaji mchoro huo anacheka, na ana haki. Hapa mtu anayejua mlango lazima akae na kuchagua: mnyororo wenye pete sitini uwe na pete ishirini kubwa, ua libaki na petali zake, mishipa ya majani ifutwe yote. Wapo watakaosema huo ni udanganyifu kwa mteja. Sioni hivyo. Jicho likitazama mlango wa kweli kutoka ng'ambo ya barabara haliioni mishipa ya majani. Linaona mpigo wa nakshi, wapi pazito na wapi pepesi. Hicho ndicho mfano unatakiwa ukibebe. Njumu za shaba, yaani vile vichwa vya misumari vinavyopamba mlango, nazo hivyohivyo: tumia misumari ya makochi yenye vichwa vya mviringo, hata kama ni minene kuliko hesabu inavyotaka.

Mambo ya kompyuta nayapitia haraka. Ukitaka mchoro mdogo kwenye karatasi tu, usiguse amri ya SCALE kabisa. Weka skeli kwenye ukurasa wa kuchapia na umbo libaki kamili. Ukitaka kukata mfano, fanya nakala ya faili kwanza, ndipo uzidishe kwa 0.125. Vipimo vilivyounganishwa na mistari vitabadilika navyo, 2438 itasomeka 305, na hivyo ndivyo mkataji anavyovihitaji. Faili iliyochorwa kwa inchi ikifunguliwa kama milimita inatoka ndogo mara 25.4, kwa hiyo pima kitu kimoja unachokijua kabla ya lolote. Na chora mstari wa milimita 100 pembeni, uupime kwa rula baada ya kuchapa, maana printa nyingi hupenda kuubana mchoro uenee kwenye ukurasa bila kukuuliza.

Kuna swali moja ambalo mfano hauwezi kulijibu, na wateja hawaachi kuliuliza: "Sasa bawaba zitahimili?" Ukipunguza mara nane, uzito unapungua mara nane kwa nane kwa nane, yaani mara 512. Mlango wa kilo 150 unakuwa na uzito usiofika gramu 300 kwa mbao ileile. Lakini eneo la bawaba ukiikata katikati limepungua mara 64 tu, kwa hiyo ile ya mfano inabeba mzigo wake kwa wepesi mara nane kuliko ndugu yake mkubwa. Galileo, mwanasayansi wa Italia, alishalieleza jambo hili mwaka 1638. Mfano ukifunguka vizuri mezani, umethibitisha kwamba unafunguka mezani. Bawaba za kweli zipigiwe hesabu yake.

Ndiyo maana chini ya kitako cha kila mfano nataka paandikwe kwa wino usiofutika: skeli 1:8, unene na nakshi si kwa kipimo. Mwenye hoteli ana futi kamba yake, na akibaki peke yake na kamlango kale atakapima tu, azidishe kwa nane, kisha aje kudai njumu za ukubwa wa visahani.