Barabara ya Umma, Faida ya Mwenye Nyumba

Ukitaka kujua kwa nini chumba fulani Dar es Salaam ni ghali, usihesabu kilomita mpaka Posta, katikati ya jiji. Uliza mtu wa mtaa huo anaamka saa ngapi ili saa mbili asubuhi awe kazini. Kigamboni unaiona ng'ambo ya maji ukiwa umesimama Magogoni, pale pale mjini, lakini kwa miaka mingi viwanja vyake vilikuwa nafuu kuliko vya Mbezi Beach, ambako ni mbali zaidi. Pantoni ndilo lililokuwa likiamua ufike saa ngapi. Mpaka Aprili 2016, lilipofunguliwa daraja la mita 680 kutoka Kurasini, mtu wa Kigamboni asiyetaka foleni ya pantoni alikuwa na safari ndefu ya kuzunguka.

Madalali wanalijua hili vizuri. Ndiyo maana ukitafuta chumba Goba au Kivule, wengi watakupeleka kukiona Jumapili mchana. Bodaboda inateleza, njia nyeupe, unaambiwa mjini ni nusu saa tu. Kabla hujatoa kodi ya miezi sita na mwezi mmoja wa dalali, nenda Jumatatu alfajiri ukamuulize mama anayeuza vitumbua kituoni. Yeye atakwambia kama daladala inafika pale na nafasi, au imeshajaa na watu wananing'inia mlangoni. Atakwambia pia kama wenzako wanapanda gari linalotoka mjini, wanageuza nalo ili wapate siti, na hivyo wanalipa nauli mara mbili. Hiyo nauli ya pili ni sehemu ya kodi ya chumba, hata kama haimo kwenye mkataba.

Mei 2016 mwendokasi, yaani mabasi yenye njia yao maalumu, ulianza kati ya Kimara na Kivukoni. Tangu hapo maneno "karibu na kituo cha mwendokasi" yamekuwa sehemu ya tangazo la nyumba, na mwenye nyumba anayatoza. Mvua za masika zikikata barabara pale Jangwani, mpangaji anakwama kama zamani, lakini kodi yake haipungui hata shilingi.

Kinachoniuma ni nani anafaidika. Barabara ile ya mwendokasi imejengwa kwa fedha za umma na mikopo ambayo sote tutailipa, akiwemo mpangaji. Muda uliookolewa ulipaswa kuwa wake: alale kidogo zaidi, awakute watoto hawajalala. Badala yake, mkataba ukiisha anaambiwa eneo limechangamka, kodi imepanda. Akishindwa anasogea Kibamba, au anavuka kabisa mpaka Kibaha, anaanza upya kuamka saa kumi. Mwenye nyumba hakumwaga hata ndoo moja ya zege kwenye barabara hiyo.

Sasa angalia kodi ya majengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, na Julai 2023 ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Nyumba iliyo hatua chache kutoka kituo cha Kimara na nyumba iliyo ndani kabisa Chanika zinakatwa sawasawa. Tena anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji! Kisheria mzigo ni wa mwenye mali, lakini ni wapangaji wangapi wanaothubutu kumdai mwenye nyumba wao 1,500 kila mwezi?

Kodi hii ifuate mahali nyumba ilipo. Aliye jirani na kituo kilichojengwa na umma alipe zaidi, atozwe mwenyewe kwa jina lake na si kupitia mita ya mpangaji. Fedha hizo zijenge barabara za ndani za Kivule, Chamazi na Madale, ambako daladala zinakwama kwenye tope kabla hata hazijafika barabara kubwa. Wapo watakaosema mwenye nyumba atamrudishia mpangaji mzigo huo. Lakini huyo tayari anatoza kiasi chote ambacho soko linakubali; angekuwa na nafasi ya kuongeza, angeshaongeza. Kinachoweza kumzuia ni vyumba vingi zaidi kuwa ndani ya saa moja kutoka mjini, na hilo haliji bila barabara za pembezoni.