Glasi Haikubali Kupigwa Picha

Kama una adui, mtafutie kazi ya kutengenezea matangazo ya glasi. Sisemi hizi za kunywea maji nyumbani. Nasema kristali, zile ambazo ukiigusa kidogo tu, alama ya kidole inabaki pale mpaka siku ya hukumu. Kuna mukubwa mmoja wa Golf, mtaa wa matajiri hapa Lubumbashi, anaziagiza Ulaya, anawauzia watu wa madini, na video na picha zake ameamua nizitengeneze mimi wa Katuba, mtaa wa wanyonge. Kwa bei ya Katuba, bila shaka.

Sasa sikilizeni taabu yake. Kamera inaona kila kitu kilicho karibu na glasi, isipokuwa glasi yenyewe. Ukiweka taa mbele, unajiona wewe, kitambi na sandali. Kwa hiyo taa inakaa nyuma, kwenye kitambaa cheupe, na pembeni unasimamisha kartoni nyeusi ili ukingo ujichore. Hayo nayajua. Lakini sebule yangu ina dirisha, na nje ya dirisha kuna kamba ya nguo. Nilipoikuza picha kwenye kompyuta, ndani ya glasi iliyojaa maji nikaona kitenge cha mama mkwe kimening'inia kichwa chini miguu juu, na maua yake yote. Haya, nenda wewe ukamwambie mama mkwe aanue nguo zake, zinaharibu anasa.

Halafu vumbi. Mnaijua Julai ya Lubumbashi. Nafuta, nimevaa glavu nyeupe utadhani nazika waziri, nageuka kuchukua kamera, nikirudi nakuta wekundu umeshatua. Glasi zenyewe zimekatwa nakshi kwa mkono, kila mfereji una punje zake, na ile taa ya nyuma inaziwasha zote. Umeme nao ukiondoka hapo katikati, unabaki gizani na mali ya watu mkononi, hata kukohoa unaogopa.

Mukubwa anapiga simu: "Fundi, nataka zing'ae!" Zitang'aa, mukubwa. Kwa sheria ya Ulaya ya 1969, kristali ya risasi (risasi ya madini, si ya bunduki) lazima iwe na oksidi ya risasi isiyopungua asilimia 24, na madini hayo ndiyo yanayopinda mwanga mpaka ukatoka na rangi. Shida ni kwamba inang'arisha hata plasta iliyobanduka ukutani kwangu.

Iko moja ya bluu. Bluu ya namna ile hutoka kwenye kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa nchi hii yetu ya Kongo. Siapi kwamba ni ya kwetu. Ila nikiiangalia naiona kobalti ikipita mpaka wa Kasumbalesa, udongo mtupu chini ya turubai la lori, halafu inarudi kwa ndege imelazwa kwenye sanduku lenye kitambaa laini, na mimi mwenye udongo naambiwa nisiishike mikono mitupu!

Whisky yangu ni chai ya rangi. Barafu ni plastiki, maana ya kweli inayeyuka kabla hujapanga taa. Matone ya nje ni maji yaliyochanganywa na glisirini, hayo hayashuki hata uyabembeleze. Shemeji alipita, akaiona, hakuuliza. Akapiga funda, akatafuna na kipande cha barafu. Mpaka leo ananidai jino.

Sauti ya glasi mbili zikigongana nilirekodi usiku wa manane, maana mchana kwaya ya jirani haina huruma. Nikaunganisha kila kitu, nikatuma. Mukubwa akajibu asubuhi:

"Fundi, kazi nzuri, lakini glasi siioni. Kwa nini usitie Fanta?"