Kima hawezi kumjibia mwanamke

Anayelalamika kwamba dawa za kulinda uke hujaribiwa mno kwa panya na kima hudhaniwa anawaonea wanyama huruma. Kumbe hoja yake ni ya asidi. Ukeni mwa wanawake wengi hutawala laktobasilasi, jamaa wa bakteria wanaogandisha maziwa lala, nao huishusha pH (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi huzidi) hadi kati ya 3.5 na 4.5, mahali vijidudu vingi vya maradhi hushindwa. Kwa mamalia wengine waliopimwa, laktobasilasi ni nadra kupita asilimia 1 ya bakteria wote wa ukeni. Asilimia 1! Mpandikizie panya bakteria wa mwanamke, mara nyingi hawadumu. Sasa utapimaje kinga ya mwenyeji ambaye hakai?

Sisi wa Mombasa tuna la kusema hapa. Miaka ya 1990, wanawake 657 waliokuwa wakiuza ngono mjini humu walifuatiliwa kwa muda, na waliokosa laktobasilasi walionekana kuwa katika hatari ya kuambukizwa VVU maradufu ya wenzao. Hayo yalijulikana kwa pamba ya kuchukulia majimaji na subira ya wanawake waliorudi kliniki tena na tena.

Nonoksinoli-9, kemikali ya kuua mbegu za kiume, nayo iliwakinga baadhi ya kima maabara. Walipopewa wanawake wa Benin, Ivory Coast, Afrika Kusini na Thailand, matokeo ya 2002 yalionyesha jeli yenye kemikali hiyo haikuwakinga na VVU, na walioitumia sana ndio walioambukizwa zaidi.

Wanaotetea majaribio ya wanyama wana haki yao. Panya waliopakwa kemikali hiyohiyo walishikwa na herpes kwa urahisi zaidi, kwa hiyo madhara panya anayaonyesha. (Panya wa herpes huchomwa kwanza Depo, ileile ya kupanga uzazi, ukuta wa uke uwe mwembamba.) Tena mwaka 2011, laktobasilasi iliyotengenezwa itoe protini ya kuzuia virusi ilipunguza maambukizi kwa kima kwa asilimia 63.

Basi mnyama apime sumu. Faida nionyesheni kwa wanawake, kama Marekani mwaka 2020: kati ya waliotibiwa vaginosisi (bakteria wengine kuzidi ukeni) kisha wakawekewa laktobasilasi, ugonjwa ulirudi kwa asilimia 30, dhidi ya 45 ya waliowekewa dawa ya kulinganishia isiyo na bakteria hao. Jaribio hilo lingefanywa hapa, lingelazimika kuhesabu na wanawake wanaojiosha ndani kwa sabuni, jambo ambalo kima hafanyi.