Brosha ya leso si picha ya leso

Zipange mezani brosha zinazogawiwa hapa Mombasa uone kama utajua ipi ya hoteli, ipi ya kampuni ya kukodisha magari. Zote zina jahazi, mnazi na jua linalotua. Mlango wa nakshi umebandikwa pembeni hata pale ambapo habari yenyewe ni bei ya vyumba. Mimi hii ndiyo kazi yangu, na naamini kwa dhati kwamba mada ya brosha haikai kwenye mapambo. Hukaa kwenye mpangilio: jicho lianzie wapi, lipite wapi, litue wapi.

Majuzi nimesanifu brosha ya matembezi ya Mji wa Kale, na walioiagiza walitaka iwe ya kileso, yaani ifanane na kanga. Njia rahisi ni kupiga picha ya leso na kuitandaza nyuma ya maandishi. Nilikataa. Leso yenyewe ni kazi ya chapa, tena ina kanuni kali kuliko brosha. Pindo linazunguka pande zote nne, katikati ni mji, na upande wa chini, ndani ya kisanduku chake, ni jina, yaani msemo wake. Zishike kanuni hizo tatu, uache maua yote, na bado mtu wa Pwani ataijua.

Nilikwenda Mtaa wa Biashara kuzitazama upya. Muuzaji mmoja, mama mtu mzima, alinifungulia jozi baada ya jozi. Nikashika moja ya rangi iliyonipendeza. “Nzuri hiyo, mwanangu,” akasema, “lakini huyo unayempelekea, jina litamkalia?” Swali hilo lilinisaidia kuliko vitabu vyangu vya usanifu. Maneno ya brosha nayo yana wa kupelekewa.

Leso ina urefu wa kama mita moja na nusu na upana wa mita moja na ushei. Karatasi ya A4 ikilazwa ni milimita 297 kwa 210, uwiano unaokaribiana sana na huo. Kwa hiyo upande wa ndani, ukifunguliwa wote, ndio leso nzima. Taabu ni mikunjo. Brosha ya kukunjwa sehemu tatu haina kurasa sawa: ule unaoingia ndani hupunguzwa hadi milimita 97 na nyingine mbili zikabaki 100, la sivyo karatasi inabinuka. Jina nalo hupenda kujinyoosha, na hapa likijinyoosha linakatwa na mikunjo miwili. Nikaliweka lote katika ukurasa wa kati, herufi kubwa kama desturi: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Fupi, na linamkalia anayelipokea.

Pindo ndilo lililonisumbua zaidi. Nililitaka jeusi tii. Fundi wa chapa akachukua sampuli, akaikunja, akapitisha ukucha juu ya mkunjo, na weusi ukapasuka ukaonyesha uweupe wa karatasi. Wengine hulikata pindo pale penye mkunjo. Leso haikatwi pindo, nami sikukata. Nililigeuza kuwa michoro midogo midogo ya nyeusi na nyekundu juu ya nyeupe, rangi za kisutu, ile leso ya harusi, ili ufa usipate pa kuonekana.

Kwenye mji niliweka ramani. Walioiagiza walitaka historia yote iingie, na hapo tulivutana kweli. Ngome ya Yesu ilipata sentensi mbili: Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, na UNESCO iliitia katika Urithi wa Dunia mwaka 2011. Mtaa wa Ndia Kuu na Msikiti wa Mandhry, moja moja. Mgeni anasoma akiwa amesimama juani, na kuna mtembezaji mbele yake anayeyajua mengine vizuri kuliko karatasi.

Viingilio sikuchapa, maana hupanda. Niliacha nafasi tupu mtembezaji ajaze kwa kalamu, pamoja na nambari yake ya simu. Karatasi ya kung'aa haishiki wino wa kalamu vizuri, basi tukachukua isiyong'aa ya gramu 120. Nyekundu imepoa kidogo kuliko ilivyokuwa kwenye kompyuta. Mtembezaji kuweza kuandika namba yake ni muhimu zaidi.