Sisimizi wa Mwezini

Ukiivua kamera lenzi yake na kuifunga nyuma ya lenzi ya jicho ya darubini (ile unayochungulia), kila uchafu ulioganda kwenye lenzi hiyo ya jicho unapanda cheo. Darubini yangu ina kioo chenye upana wa milimita 130 na urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi pale picha inapokusanyika) milimita 650. Lenzi ya jicho ni ya aina iitwayo Kellner, fokasi milimita 10, imekaa ndani ya mrija, na kihisi cha kamera (kile kinachopokea mwanga) kiko milimita 80 nyuma yake. Gawa 80 kwa 10, toa 1: picha inakuzwa mara 7, fokasi inafika milimita 4,550. Mshtarii (sayari Jupita), na ukubwa wake wote, unatoka na upana wa milimita 1 hivi. Sisimizi wa milimita 2 aliyepanda kwenye lenzi ya jicho anatoka na 14.

Hesabu hiyo majirani zangu wa Ipagala, Dodoma, hawakuwa nayo usiku ule.

Nilianza na mwezi, ndio rahisi kupatia fokasi: unatafuta pale jicho linapoona vizuri, kisha unaivuta lenzi nje kama milimita moja na nusu. Watu wamejazana kwenye kompyuta. Mara, juu ya mashimo ya mwezi, kikapita kitu cheusi chenye kiuno chembamba. Kikasimama. Kikageuka.

"Mbukwenyi!" mzee wa nyumba ya pili akakisalimia kwa Kigogo, kofia mkononi. Kisha kwangu: "Mwanangu, Wamarekani walitembea huko 1969. Huyu walimsahau?"

Nikasukuma darubini kidogo: mwezi ukahama, kitu kikabaki. Nikazungusha lenzi ya jicho: kikazunguka nayo. Basi hakipo mwezini, wala kwenye kihisi (uchafu wa huko haujali ukizungusha lenzi). Kipo kwenye Kellner, ambayo sura inayotoka kwenye darubini huundwa jirani kabisa na kioo chake cha mbele, ndiyo maana chembe ya vumbi la Dodoma huonekana kama jiwe.

"Palipo na sisimizi pana sukari," akasema mama muuza vitumbua.

Macho yote kwa mpwa wangu. Vidole vyekundu kwa ubuyu mpaka kwenye kucha.

"Mjomba, niliishika tu!"

Pampu ya mpira ilimtoa mdudu, ila ubuyu haupulizwi ukatoka. Kwanza unapeperusha mchanga usije ukakwaruza, halafu unagusagusa kwa pamba yenye unyevu, bila kusugua. Maji yawe yasiyo na chumvi; ya kisima huacha madoa. Na usiyadondoshe kwenye kioo, yatapenya ukingoni.

Ndipo tukahamia Mshtarii. Bila mota ya kuigeuza darubini ifuate anga, sayari huvuka fremu kwa dakika moja hivi, kwa hiyo nikarekodi video haraka. Mikanda miwili ya mawingu ikajitokeza, safi kabisa.

Mzee akainama mpaka pua ikakaribia skrini.

"Ndiyo kadogo hivi? Mwanangu, hebu turudishie yule."