Tutoke Smati

Bosi wetu akishika simu usiku, Kiswahili anakiweka kando. Ijumaa, kesho yake tuna bonanza pale Leaders, Kinondoni, dhidi ya wenzetu wa tawi jingine, akatupia ujumbe kwenye kundi la WhatsApp: "Tomorrow we must outsmart them."

Watu wakajibu kwa vidole gumba. Nani aonekane hajasoma? Swali likaulizwa kule kwenye kundi letu lisilo na bosi. Mzee wa stoo, aliyewahi kubeba mizigo ya Wazungu Kilimanjaro na kwa sababu hiyo ndiye kamusi yetu, akatuma sauti: "Out ni kutoka. Smart ni smati. Kesho tutoke smati, kuwazidi wao."

Shaka ilinijia kidogo. Lakini suti niliyoshonewa harusi ya kaka, tangu 2019 ilikuwa haijapata pa kwenda.

Asubuhi tukashuka kwenye Coaster na suti, tai na manukato, dada wa mapokezi na gauni la kuburuza. Wenzetu, wako na bukta, wakasimama wote. MC akajua ndio wageni rasmi wamefika. Tukapelekwa meza kuu, kwenye kitambaa na maua, tukaletewa soda baridi, sambusa, na pilau lililokuwa la mchana. Ungekataa wewe?

Bosi alifika na trakisuti yake, filimbi shingoni, ndiyo tunaitwa kuvuta kamba.

Moka za mhasibu hazina meno. Aliteleza kwenye majani akaondoka na safu nzima ya nyuma, mimi nikiwemo, pilau nalo linapanda kooni. Suruali ya mzee wa stoo ikalia praaa! kuanzia kwenye mkanda kushuka. Wale wa bukta hata jasho halikuwatoka.

Tukiwa bado chini, kijana wa kompyuta akafungua kamusi kwenye simu. Outrun, kumshinda mtu mbio. Outlive, kuishi kuliko mwenzako. Outsmart, neno walilolianzisha Wamarekani miaka ya 1920, kumzidi mtu ujanja. Tena hiyo smart yenyewe, akasoma, kabla ya kuwa akili au mavazi, zamani ilikuwa maumivu ya kuchoma. Nikakitazama kisigino changu kilivyochubuliwa na kiatu kipya, nikawaunga mkono Waingereza wa zamani.

"Nilisema tuwazidi!" bosi akafoka.

Mzee wa stoo, koti kalifunga kiunoni, akajibu kwa upole: "Tumewazidi, bosi. Hebu watazame. Wamekuja na bukta."